Chemchemi Iko Kushoto

Nyumbani,
3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anashona sare za shule nne kwa mpigo, meza yote imejaa vitambaa, na barua hii naiandika juu ya kifuniko cha cherehani. Mistari ikipinda, sababu unaijua. Anakuuliza kifua.

Nina habari kubwa. Chama chetu cha Jiografia kimeruhusiwa kutembelea hifadhi yenu ya volkano mwezi wa sita, shule zikifungwa. Tutakuwa wanachama kumi na wanne na mwalimu wetu. Mimi ndiye katibu, na mipango yote imewekwa mikononi mwangu. Lakini tusingeruhusiwa kama si wewe. Mwalimu mkuu alisema hatampeleka mtoto wa mtu kwenye mlima unaotoa moshi, akaongozwe na mtu asiyejulikana. Nikasimama, nikasema: "Mjomba wangu ni mwongoza wageni pale, mwaka wa tisa huu. Atatufikisha yeye mwenyewe mpaka ukingoni mwa kasoko." Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Haya."

Kwa hiyo nimetoa neno, Mjomba, na neno lenyewe ni wewe.

Naomba unijibu mambo manne: tarehe gani nzuri, tuanze kupanda saa ngapi, kundi moja linaruhusiwa watu wangapi, na je, nikuandike kwenye fomu katika kisanduku cha mwongoza wageni?

Halafu nachora ramani kubwa ya njia kwa ajili ya ukuta wa darasa. Naichora kutoka kwenye barua zako. Ninazo zote ishirini na sita, nimezipanga kwa tarehe. Unaeleza vizuri kiasi kwamba naweza kufumba macho nikapanda: chemchemi iko kushoto, mwamba unaofanana na kiti uko kulia, na kati ya lango na Kibanda cha Pili ni mwendo wa saa mbili. Mwalimu anasema hajawahi kuona mwanafunzi mwenye chanzo kizuri hivi.

Mpwa wako,
Katibu

*

Hifadhini,
20 Februari

Katibu, mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada kifua kimetulia, na aache kuniuliza kifua kila barua, utadhani mimi nina kifua tu, sina miguu.

Habari yako imenifurahisha. Sasa nisikilize kuhusu viatu.

Watu wanadhani mlima unapandwa kwa miguu. Unapandwa kwa soli. Soli laini itakuangusha kwenye kokoto. Soli yenye meno marefu inashika vizuri, lakini nayo inabeba: udongo wa kwenu, nyasi za kwenu, mbegu za kwenu. Mbegu moja ya magugu ikidondoka kwenye lava changa, ambako hakijaota kitu tangu mlima ulipotapika, baada ya miaka mitatu una shamba la magugu. Kwa hiyo kila mmoja asafishe viatu nyumbani kwa mswaki wa zamani, jino kwa jino, afungue kamba zote, atazame na chini ya ulimi wa kiatu. Mbegu zenye ndoano hupenda kujificha pale. Juzi alikuja bwana mmoja, buti zake mpya zinang'aa, akaapa ni safi. Katika soli ya kushoto peke yake zilitoka mbegu thelathini na moja. Na wanaotoka juu nao wana yao: changarawe nyeusi, nyepesi kama makombo ya mkate ulioungua, na ukiisugua inalia.

Kuhusu mwezi wa sita, sina hakika. Upepo huwa mkali. Mngefikiria mwakani.

Mjomba wako

*

Nyumbani,
6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa barua. Nimeisoma mara tatu nikitafuta majibu. Nilikuuliza mambo manne, ukanijibu viatu, ukurasa mzima na nusu ya wa pili.

Mwakani haiwezekani. Mwakani nitakuwa darasa la mtihani, na wa darasa la mtihani hawaruhusiwi hata kwenda uwanjani, sembuse volkano. Upepo si kitu, tutavaa masweta. Mwalimu anataka tarehe kabla ya mwezi kwisha, na fomu ya ofisi yenu imeshafika pamoja na karatasi ya maelezo. Kila Ijumaa kwenye kikao cha chama naulizwa, na kila Ijumaa nasema, "Mjomba atajibu."

Mwenyekiti wetu ana sauti ya kengele, na hajapenda kwamba safari hii iko kwangu. Wiki iliyopita alisema mbele ya wote: "Katibu, huyo mjomba wako ni mtu au ni hadithi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, ili isionekane.

Tafadhali jibu. Hata kama ni kwa neno moja moja.

Mpwa wako,
Katibu

*

Hifadhini,
24 Machi

Mpwa wangu,

Usinikasirikie. Kazi zimebana. Mvua zimeharibu daraja la miti kule msituni na sijui litatengenezwa lini. Halafu huku mtu hachagui kundi la kuongoza, ofisi ndiyo inayopanga, leo huyu, kesho yule. Usiniandike kwenye fomu. Wapo waongozaji hodari, wenye pumzi kuliko mimi. Mimi nimeshazeeka.

Ukitaka ushauri wangu, wapeleke wenzako kwenye maporomoko ya maji. Maji hayana moshi, na viatu vinajisafisha vyenyewe.

Nisalimie dada. Kifua kizima.

Mjomba wako

*

Nyumbani,
8 Aprili

Kwa Ofisi ya Hifadhi,

Kuhusu: Makosa kwenye ramani yenu

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na katibu wa Chama cha Jiografia cha shule yetu. Naandika kwa heshima.

Mmetutumia karatasi ya maelezo yenye ramani ya njia ya kasoko. Nimeilinganisha na ramani yangu, ambayo nimeichora kutokana na maelezo ya mtu aliyepita njia hiyo kwa miaka tisa. Yenu ina makosa matatu. Kwanza, chemchemi mmeiweka kulia kwa anayetoka langoni, iko kushoto. Pili, mwamba unaofanana na kiti mmeuweka kushoto, uko kulia. Tatu, mmeandika kwamba kutoka langoni hadi Kibanda cha Pili ni saa nne, wakati ni saa mbili tu. Mwanafunzi aliyeifuata karatasi yenu anaweza kukosa maji ya kunywa.

Naambatanisha fomu yetu. Katika kisanduku cha mwongoza wageni nimemwandika mjomba wangu, mtumishi wenu, ambaye ndiye aliyenipa maelezo hayo. Yeye ni mnyenyekevu na amenikataza nisimwandike, lakini naamini mtamruhusu, kwa kuwa shule imekubali safari hii kwa sababu yake.

Wenu mtiifu,
Katibu, Chama cha Jiografia

*

Ofisi ya Hifadhi,
22 Aprili

Kuhusu: Makosa kwenye ramani

Barua yako ya tarehe 8 Aprili imepokelewa na kusomwa na Mhifadhi Mkuu, ambaye aliniagiza nipande hadi kwenye chemchemi nihakiki. Nimepanda. Iko kulia. Mwamba uko kushoto.

Saa nne ni za kupanda. Saa mbili ni za kushuka.

Mtu uliyemwandika kwenye fomu hayumo katika orodha ya waongoza wageni, na kumbukumbu zinaonyesha hajawahi kuwemo. Yumo katika orodha ya watumishi wa lango, kitengo cha usafi wa viatu vya wageni. Fomu inarudishwa ijazwe upya. Kisanduku hicho kiachwe wazi; ofisi itawapangia mwongozaji. Tarehe 9 Juni ina nafasi. Daraja la msituni ni zima na halijaharibika mwaka huu.

Mwisho, ili usibaki na shaka: kwa mtu anayeshuka, chemchemi huwa kushoto.

Nakutakia masomo mema.

Karani wa Wageni

*

Nyumbani,
2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naandika neno hilo kwa sababu nimelelewa.

Ofisi yako imenijibu. Sikutaka kuamini, kwa hiyo nikazitoa barua zako zote ishirini na sita nikazipanga sakafuni, nikapigia mstari kila "kushoto" na kila "kulia". Zote ni za mtu anayeshuka. Hakuna hata moja ya anayepanda. Nikajiuliza, ni mtu gani anayejua mlima kwa kushuka tu? Ni yule anayekaa chini akiwauliza wanaoshuka.

Nilidhani ramani ya ofisi ndiyo yenye makosa. Nikawaandikia. Nikasema mimi ndiye ninayejua! Karani wa watu akapanda mlima kwa ajili yangu.

Nilimwonyesha Mama barua ya ofisi. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakushtuka hata kidogo.

Nikamwambia, "Mama, ulijua?"

"Mjomba wako alipokuwa mdogo alikuwa hawezi kukaa karibu na jiko la mkaa. Ana pumu. Sasa akapande kwenye moshi wa volkano, akafanye nini?"

"Tangu lini umejua?"

"Tangu barua ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

Akaukata uzi kwa meno. "Alikuwa anaandika vizuri."

Mimi sielewi watu wazima. Ningependa uniambie nitawaambia nini wenzangu Ijumaa. Hili ni swali moja tu, na halihusu viatu.

Mpwa wako

*

Langoni,
17 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo nimeandika "langoni" pale juu, kwa sababu ndipo nilipo, na ndipo nilipokuwa kila siku.

Nilikuja huku kuomba kazi ya kuongoza wageni, na nilikuwa nimeshamwambia dada nimeipata. Daktari wa hifadhi akaweka kile chombo chake kifuani kwangu, akasikiliza, akasema, "Bwana, humu ndani kuna filimbi." Jina langu likakatwa. Mhifadhi akanionea huruma, akanipa brashi, beseni na kigoda. Siku hiyohiyo nikaandika barua ya kwanza. Nikajisemea, ukweli nitauweka kwenye ya pili. Kabla ya kuiandika ya pili nikamwuliza mzee mmoja aliyekuwa ameshuka, "Umeona nini huko juu?" Akanieleza mpaka machozi yakamlenga. Nikaandika yale. Dada akajibu kwamba wewe, na miaka yako mitano, umetaka usomewe tena na tena. Basi ukweli ukasogezwa kwenye ya tatu, na ya tatu kwenye ya nne.

Nawauliza wote. Mtu ukiwa umemshika mguu hawezi kukimbia, lazima ajibu. Kwa hiyo sikuongopa kuhusu mlima, mpwa wangu. Kila nilichoandika kuna mtu alikiona. Niliongopa kuhusu nani.

Hilo la kushoto na kulia halikunijia kabisa akilini. Miaka tisa! Karani amenicheka mpaka akakaa chini.

Wenzako waambie ukweli, kwamba mjomba wako anasugua viatu. Na usihofu, siku yenu nimeomba ruhusa. Hutanikuta nimepiga magoti mbele ya miguu ya darasa lako.

Mjomba wako

*

Nyumbani,
1 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana. Yangu hii inachukua siku kumi na mbili kukufikia, nasi tunapanda baada ya siku nane. Naiandika nikijua haitaniwahi, na hilo linanikera kuliko mengine yote.

Nimewaambia. Sikungoja barua yako, niliwaambia Ijumaa ileile niliyokutajia. Mwenyekiti akasema, "Njia ya mwongo fupi," akaangalia huku na huku aone nani anacheka. Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Alitaka kuifuta safari. Nikasimama pale kuanzia kengele ya kwanza hadi ya pili nikimwomba. Kilichomlainisha ni barua ya karani. Alisema ofisi inayompandisha mtu mlima ili amjibu mtoto wa shule haiwezi kumpoteza mtoto wa shule. Tunakuja, ila kazi ya kuwasomea wenzetu mpango wa safari nimenyang'anywa, amepewa Mwenyekiti.

Nilitaka kuichana ile ramani. Mwalimu wetu wa jiografia akaniwahi. Aliibandua ukutani, akaigeuza, akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha upande wa nyuma ukitutazama. Jua likapenya. Chemchemi ikawa kulia, mwamba ukawa kushoto, kila kitu kikakaa mahali pake. Akasema, "Haina kosa. Imetazamwa kutoka upande wa pili tu." Darasa zima likasogea dirishani kutazama, hata Mwenyekiti.

Sitaki uombe ruhusa, Mjomba. Nimekasirika kwa sababu hukuniambia, si kwa sababu ya brashi. Lakini haya utayasoma nikiwa nimeshapita.

Mama anataka kuongeza mstari.

Mpwa wako,
Katibu

Mdogo wangu, kifua je? Dada.

*

Nyumbani,
12 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pale langoni sikusema kitu cha maana, na gari lilikuwa linapiga honi. Acha niseme sasa, tangu mwanzo.

Tulipofika asubuhi, kwenye kigoda chako alikaa dada mmoja mwenye aproni. Alitusugua viatu bila kuuliza lolote. Nikajua umetimiza ulichosema. Nikawahesabu wenzangu ili nipate cha kufanya.

Mwongozaji tuliyepewa ni mama mmoja anayecheka kwa sauti. Alipojua mimi ni nani akasema, "Wewe ndiye uliyempandisha karani!" Halafu akasema hakuna anayeujua mlima kama wewe, kwa sababu yeye anaona kile anachokiona yeye tu, ila wewe unapewa cha kila mtu. Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu na alisikia. Sikugeuka kumtazama, nilijizuia.

Tulipanda kwa saa nne kasoro robo hadi Kibanda cha Pili, kisha kwa saa mbili nyingine kwenye majivu. Tukafika ukingoni mwa kasoko. Na unajua tulichoona? Ukungu. Mweupe, kama mtu ametandika shuka usoni petu. Tulikaa nusu saa. Hakuna shimo, hakuna moshi, hakuna jiwe jekundu, hata vidole vyangu niliviona kwa shida. Miezi minne ya barua, fomu mbili, kusimama ofisini kwa mwalimu mkuu, nije kutazama shuka! Mwenyekiti alilia. Nilimpa leso yangu, lakini na mimi niliihitaji.

Niliposhuka nilikuwa natazama chini, sikuona ni nani aliyekaa kwenye kigoda mpaka nikasikia, "Leta mguu."

Mimi sikuleta mguu, nilisimama tu. Ukasema ulikuwa kwenye stoo ya brashi tangu asubuhi, umenisikia nikihesabu watu kumi na wanne mara tatu, na kwamba hukuvumilia kundi hilo lisuguliwe na mtu mwingine mara ya pili. Ukanishika mguu. Changarawe ikalia kwenye beseni kama ulivyoniandikia. Halafu ukaniuliza kama unavyowauliza wote: "Haya, umeona nini?"

Nikasema, "Ukungu." Ukacheka mpaka ukakohoa, nami nikacheka, na wenzangu wote wakapanga foleni na kila mmoja ukamuuliza, na kila mmoja akajibu, "Ukungu!" Hata Mwenyekiti. Alikuambia, "Shikamoo, Mjomba," kama vile ni mjomba wake.

Lakini jibu langu halikuwa kamili. Nilimwuliza mwongozaji salfa inaanza kunuka wapi. Akasema, juu ya Kibanda cha Pili, mahali majivu yanapoanzia. Chini ya hapo ni hewa ya msitu, hata mwenye pumu anapita, mradi aende polepole. Na nikajua kwamba hujawahi hata kupita lile lango kwenda ndani. Mwongozaji hakusema. Mimi ndiye niliyezisoma barua.

Kwa hiyo naandika njia kwa anayepanda. Ishike hivi, usiigeuze. Ukitoka langoni utaingia msituni, na daraja la miti litakuwa mbele yako, ni zima. Hesabu mipindo mitano. Kwenye wa tano utasikia maji kabla hujayaona: yako kulia. Pumzika hapo, kunywa. Endelea mpaka miti ianze kuwa mifupi kama watoto wa darasa la kwanza. Mwamba wa kiti uko kushoto. Mimi nilikaa, ni baridi lakini unatosha watu wawili. Baada ya hapo ni mwinuko mmoja mkali, kisha Kibanda cha Pili, mlango wa buluu. Ni mwendo wa saa nne. Wewe weka sita. Ukifika, geuka utazame chini, utaliona paa la lango lako, dogo kama kifuniko cha chupa.

Si njia fupi, Mjomba. Nenda uione, uniandikie.

Mpwa wako,
Katibu

*

Kibanda cha Pili,
4 Julai

Katibu,

Marahaba. Nimetumia saa saba na nusu, na mapumziko kumi na mawili. Karani yuko hapa, amenibebea maji, anasema sasa ameshapanda mara mbili kwa sababu yako na hataki ya tatu.

Paa nimeliona.

Mwambie dada kifua kinapiga filimbi, lakini kwa furaha, na kimefika.

Ulikosea jambo moja, mipindo ni sita. Nilihesabu kwa mkono, nikigusa mti kila mpindo. Mengine yote ni sawa. Chemchemi iko kulia. Nimeiona mwenyewe.

Mjomba wako